Bu Njem: ofisi ya Warumi katikati ya jangwa la Libya

Tarehe 24 Januari mwaka 201 kikosi cha askari wa Legioni ya Tatu Augusta (legioni ni jeshi la Kirumi la watu elfu kadhaa) kiliingia sehemu ambayo leo kwenye ramani ya Libya imeandikwa Bu Njem, wao walipaita Gholaia, wakashusha mizigo wakaanza kujenga ngome. Tarehe tunayo kwa sababu waliichonga kwenye jiwe. Sasa hebu fungua ramani uangalie. Pwani ya Ghuba ya Sirte iko kaskazini kama kilomita 100. Makao makuu ya legioni yao yalikuwa Lambaesis, Algeria ya leo, na hata ukinyoosha mstari kwa rula ni kama kilomita 1,000. Kusini ukishavuka pale ni mawe na mchanga, kilomita 500 hivi, mpaka ufike Garama mji wa Wagaramante, watu wa jangwani, huko Fazzan kusini mwa Libya. Hapo katikati ndo wakaambiwa mkae. Na usiku ule wa kwanza, baridi ya Januari jangwani ilivyo kali, mi siamini kama hakuna hata mmoja aliyejifunika akageuka huku na huku akajiuliza jamani tumefuata nini huku.

Swali la huyo askari ndo linanisumbua. Jibu la kawaida ni kwamba ngome ya mpakani ni ya kuzuia adui, basi, tufunge kitabu. Mi silikubali, au niseme nalikubali robo. Nikiangalia vitu vilivyobaki Bu Njem naona ile ngome ilikuwa ofisi. Ukuta ulikuwepo, malango manne yalikuwepo, minara na mikuki ilikuwepo, lakini kazi ya kila siku ilikuwa kujua nani kapita, kabeba nini, katokea wapi, kuandika na kumpelekea mkubwa taarifa. Alafu kuna jambo la pili ambalo kwangu lina uzito zaidi hata ya hilo la kwanza, ofisi hiyo iliendeshwa kwa sehemu kubwa na Waafrika wa ukanda ule ule, wakiandika lugha ambayo wengi wao hawakuinyonya kwa mama zao, na walikula kwa sababu ya ngamia wa majirani.

Aliyewatuma naye alikuwa wa huko huko. Kaisari Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 Lepcis Magna, mji wa pwani ya Libya, akashika madaraka Roma mwaka 193. Utajiri wa Lepcis ulikuwa mafuta ya zeituni, na ulikuwa utajiri wa siku nyingi, maana Julius Caesar alipoiadhibu Lepcis kwa kusimama na mahasimu wake aliipiga faini ya ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka, na faini ya namna hiyo humpigi mtu asiyekuwa nacho. Mashamba hayakuishia ufukweni, yaliingia ndani kwenye mabonde makavu ambako mvua inanyesha mara chache kwa mwaka, watu wakajenga kuta za mawe kukatiza bonde ili maji yakija yasimame kidogo, udongo ulowe, shayiri iote na mizeituni inywe. Ukisimama leo kwenye mabonde hayo bado unaona kuta zile na majumba ya wakulima yaliyojengwa kama ngome ndogo, Walibya wanayaita gsur. Neno hilo ni ndugu wa kasri letu la Kiswahili, sisi tumelipata kutoka Kiarabu qasr, na wataalamu wengi wa lugha wanasema Waarabu nao mwanzo walilipata kutoka neno la Kilatini la kambi ya jeshi, castrum. Mi hii habari ilinifurahisha sana nilipoijua, maana kambi ya askari imezunguka dunia mpaka imefika kwetu ikawa nyumba ya sultani.

Tuendelee. Kule Lepcis watu walikuwa na kumbukumbu mbaya. Mwaka 69 kuelekea 70 walikorofishana na jirani zao wa Oea, ndo Tripoli ya leo, na ugomvi wenyewe ulianza na mambo ya kijijini kabisa, watu kuibiana mazao na mifugo. Oea walipoona wanazidiwa wakawaita Wagaramante kutoka kusini, nao wakaja wakaharibu mashamba mpaka chini ya kuta za Lepcis. Severus alizaliwa miaka sabini na tano baadaye, kwa hiyo bibi yake au babu wa jirani yake angeweza kabisa kuwa mtoto siku zile, na habari kama hizo kwenye mji hazifi.

Lakini sasa angalia alivyofanya alipopata nguvu. Kamanda wa Legioni ya Tatu, Quintus Anicius Faustus, alisimamia ujenzi wa kusogeza jeshi kusini na zikapatikana ngome tatu za kueleweka, Gholaia mashariki, Gheriat el-Garbia katikati na Cidamus yaani Ghadames magharibi. Hakuna ukuta unaoziunganisha. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni karibu kilomita 200 na kutoka ya pili kwenda ya tatu ni zaidi ya hapo, uwazi mtupu, jeshi la adui likitaka kupita katikati linapita na wewe huku hujui. Mtu akisema hizi zilijengwa kuzuia uvamizi anieleze wangezuiaje. Ila ukiangalia mahali zilipokaa utaona kila moja iko penye maji na penye njia ya misafara. Jangwani huendi popote unapotaka, unaenda kutoka kisima mpaka kisima, na aliyekaa kwenye kisima hana haja ya kukukimbiza, atakusubiri tu utakuja mwenyewe, na ukija utasalimia, utasema umetoka wapi, punda watakunywa, na mtu atakuwa ameshahesabu punda.

Ngome yenyewe ni ndogo. Mita 138 kwa mita 93 hivi, hekta moja na robo, haifiki viwanja viwili vya mpira. Katikati jengo la uongozi, pembeni mabweni, maghala, hamamu. Nje ya ukuta pakaota mji, maana penye mshahara wa askari hapakosi mtu wa kuuza kitu, na kuzunguka mji mahekalu. Nitarudi kwenye mahekalu.

Wafaransa walianza kuchimba hapo mwaka 1967 chini ya René Rebuffat na kati ya vyote walivyotoa kitu ambacho mi nakiweka juu kabisa ni vigae. Vigae hivi hivi, chungu kimevunjika, unaokota kipande kilicho bapa, unaandika kwa wino. Karatasi za mafunjo zilitoka Misri na huwezi kuzichezea kwa hesabu za kila siku, lakini vyungu vilivyovunjika kambi haikosi. Vimepatikana karibu 150 vyenye maandishi, Robert Marichal akavisoma kimoja kimoja na kuvitoa kwenye kitabu mwaka 1992, kazi ya macho na uvumilivu ambayo nadhani wengi wetu tusingeiweza. Vile vyenye tarehe ni vya miaka ya 253 mpaka 259, miaka hamsini na kitu baada ya wale wa kwanza kufika.

Na ndani yake kuna nini? Ripoti ya siku. Kigae kinaanza na tarehe, kinafuata na idadi ya askari waliopo, alafu mgawanyo, mwandishi mmoja, langoni mmoja, mnarani mmoja, kwa mkuu wa kambi mmoja, wengine tanuri la mikate, wengine hamamu, alafu wagonjwa, na wagonjwa wanaandikwa kwa majina. Waliopita jeshini au JKT wanaijua hii, asubuhi lazima namba itimie na asiyekuwepo lazima ijulikane yuko wapi, lindo, jikoni au zahanati. Jumla yao kwa siku inacheza kati ya arobaini na kitu na sitini na kitu. Hebu fikiria. Watu hamsini. Ukitoa wagonjwa, ukitoa wa tanuri na wa hamamu, ukitoa waliotumwa, umebaki na wangapi wa kuzuia jeshi la mtu? Na langoni kasimama mmoja. Mi kwangu huyo mmoja wa langoni ndo ushahidi mkubwa kuliko maelezo yote, kambi inayotegemea kuvamiwa kesho haiweki mtu mmoja langoni.

Kuna vigae vingine ni barua fupi kutoka kwa askari waliowekwa nje huko kwenye vituo vidogo, wanamwandikia mkuu wao, dekurioni yaani ofisa mdogo wa jeshi, anaitwa Octavius Festus, wanamsalimia kwa heshima alafu moja kwa moja kwenye habari: wameingia Wagaramante. Wameingia na nyumbu na punda waliobeba shayiri. Mahali pengine wanatajwa Wamisri, mahali pengine mtumwa mtoro na jina lake. Basi. Hakuna kelele ya vita hapo, hakuna leteni msaada haraka. Wale wale Wagaramante ambao kule Roma waandishi waliwachora kama watu wa porini wasiofugika, huku Bu Njem wanaonekana watu wenye punda wanne wakileta shayiri, na askari anawaandika kwa utulivu kama karani wa mizani anavyoandika lori. Na ukijua Wagaramante walikuwa nani hutashangaa, walikuwa na mji wao Garama, walichimba mifereji chini ya ardhi kuleta maji mashambani, walilima ngano na mitende na zabibu katikati ya Sahara, hawakuwa na shida ya kuja kuiba kuku wa askari. Walikuwa wafanyabiashara na Roma ilikuwa soko.

Hapo ndo napoona kazi halisi ya ngome. Sio kuwazuia wasiingie, ni kuhakikisha kwamba wakiingia inajulikana. Tofauti ya hayo mambo mawili ni kubwa. Anayezuia anahitaji watu elfu. Anayeandika anahitaji hamsini, wino, na mtu wa kupeleka barua. Alafu kuandika nako ni nguvu ya aina yake, maana msafara ukijua umeandikwa unatembea vizuri, mchungaji akijua punda wake wamehesabiwa hawezi kurudi na wanane alipokwenda na wanne bila kuulizwa, na mtumwa mtoro, masikini, akikamatwa kisimani jina lake linakuwa limeshatangulia. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Ofisi haikuwa ya huruma. Yule mtu alitembea jangwani, kwa miguu nadhani, akitafuta uhuru, na sehemu pekee anayotokea kwenye historia yote ya dunia ni kwenye kigae cha watu waliomtia mkononi.

Kwa wanaotaka kulinganisha, Warumi walifanya hivi hivi Misri, kwenye jangwa la mashariki kati ya mto Nile na bahari ya Shamu. Kutoka Koptos kwenda bandari za Myos Hormos na Berenike waliweka ngome ndogo ndogo njiani, kila moja na kisima chake katikati, na huko nako vigae vimeokotwa kwa maelfu. Hizo zinatuhusu sisi moja kwa moja, maana kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1 kinachotaja Rhapta, soko la pwani yetu ya Afrika Mashariki lililouza pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, kinaanza safari zake kutoka bandari hizo hizo mbili. Kwa hiyo pembe ya ndovu wa bara letu ikishushwa Berenike ilikuwa inakwenda Nile ikipita mbele ya askari wa kisimani kama huyu wa Bu Njem. Tofauti ni kwamba kule Misri askari walisindikiza mali ya bahari na kodi ya robo ya thamani yake, Bu Njem hakukuwa na mali ya kiwango hicho, kulikuwa na shayiri, mifugo, watu wanaohama na majira.

Sasa tumbo. Hii sehemu naipenda. Ngano ya kambi ililetwa na wenye ngamia, na vigae vinawataja kwa majina yao, majina ya Kilibya na Kipuniki yaani lugha ya watu wa Karthago, Iassucthan na wenzake, fulani kaleta ngano kiasi kadhaa. Na kile kiasi kinaandikwa kwa vipimo vya wenyeji. Jeshi la Roma lilikuwa na kipimo chake cha nafaka, modius, kinajulikana Uingereza mpaka Siria, lakini karani wa Bu Njem anaandika sbitualis, anaandika siddipia, maneno ambayo hayapo kwenye Kilatini cha mtu yeyote, ni maneno ya wenye ngamia. Chukulia karani wa serikali ya kikoloni aandike kwenye daftari lake pishi na kibaba badala ya ratili. Ukiona hivyo ujue nani anamtegemea nani. Mwenye ngamia hakuja akajifunza modius, karani ndo alijifunza sbitualis, kwa sababu mwenye ngamia akikasirika akageuza akaenda zake kambi inalala njaa wiki hiyo na hakuna legioni ya kutoka kilomita 1,000 kuja kumkamata mtu aliyeamua tu kutouza ngano.

Watu wanapozungumzia mipaka ya Roma wanapenda kusema Warumi ndani, wenyeji nje. Bu Njem inavunja hiyo picha. Wenyeji walikuwa ndani, tena wakiwa wamevaa sare.

Nikuletee maakida wawili. Nasema akida kwa sababu Biblia zetu zinamuita hivyo mkuu wa askari mia wa Kirumi, yule wa Kapernaumu na yule wa chini ya msalaba. Wa kwanza ni Quintus Avidius Quintianus, alikuwa mkuu pale miaka ya 202 na 203 hamamu ilipokamilika, na akaacha shairi limechongwa kwenye jiwe. Anasema alitafuta sana ni mungu gani amuwekee nadhiri ya wote, nadhiri ya jeshi lirudi salama, mwisho akampata Salus, mungu wa kike wa afya, akampa maji, ili kwenye vilima hivi vya mchanga visivyoisha na moto wa jua na upepo wa kusini watu waogelee wapoze miili yao. Alafu anamgeukia msomaji, wewe unayehisi roho inarudi baada ya joto hili usione uvivu kutoa shukrani. Herufi za mwanzo za mistari ukizisoma kwenda chini zinatoa jina lake. Mi siwezi kulisoma hilo shairi nikaona hamamu ni anasa ya Kirumi. Yule bwana aliona watu wake wanaungua, akawajengea maji, akafurahi mpaka akashindwa kunyamaza.

Wa pili ni Marcus Porcius Iasucthan. Mwaka 222 alisimamia kujenga upya lango moja la ngome lililokuwa limeanguka kwa uzee, miaka ishirini na moja tu baada ya ngome kuanzishwa, ambayo inakuambia upepo na mchanga wa pale vinafanya nini kwa jengo. Naye akaandika shairi, mistari 33, na yeye pia akaficha jina na cheo chake kwenye herufi. Anaeleza wale waliotangulia walivyoikwepa kazi hiyo, anaeleza askari walivyovuta mawe juu kwa kamba, anawasifu vijana wake. Sasa shida iko hapa. Iasucthan ni jina la Kilibya, mtu wa huko, na Kilatini chake kina makosa, mizani ya shairi inachechemea kila mahali, maneno hayakai kwenye viambishi vyao. Wasomi wa Ulaya walipolisoma wengi wao wakaona ni kichekesho, kazi ya mtu asiyejua anachofanya, na ile hukumu imerudiwa rudiwa.

Mi naikataa hiyo hukumu kabisa na nitasema kwa nini. Huyu mtu alikuwa anaandika kwenye lugha ya pili, labda ya tatu, kwenye mizani ambayo hata Mrumi wa Roma alihitaji mwalimu na miaka ya shule kuimudu, na yuko mahali ambapo hakuna mwalimu wala maktaba, kuna upepo. Angeweza kuweka jiwe la kawaida, fulani kajenga lango mwaka fulani, hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alitaka askari wake wakumbukwe kwa shairi kama Quintianus alivyofanya kwenye hamamu, jiwe la mwenzake alikuwa analiona pale pale. Sisi tunaoandika barua za kazi kwa lugha za kigeni, tunaorekebishwa sarufi na watu ambao hawajui hata neno moja la lugha yetu, tunatakiwa tuwe wa kwanza kumwelewa. Yanayoitwa makosa yake ndo ushahidi bora tulionao wa jinsi Kilatini kilivyosikika kinywani mwa Waafrika wa jangwani, na wanaisimu wa miaka ya karibuni wameanza kulisoma shairi lake kwa heshima hiyo, wanatafuta ndani yake jinsi mtu anavyojifunza lugha badala ya kuhesabu alipojikwaa. Na tukumbuke hata Kaisari mwenyewe hakupona, maandishi ya zamani ya Kirumi yanadai Severus alibaki na lafudhi ya Afrika mpaka uzeeni, na kwamba dada yake alipomtembelea Roma kutoka Lepcis Kilatini chake kilimtia aibu Kaisari mpaka akamrudisha nyumbani. Kama habari hiyo ni ya kweli au ya kumchafua, aliyeiandika alijua wasomaji wake watacheka. Kile kicheko ndo hicho hicho kilichokuja kumkuta Iasucthan karne nyingi baadaye.

Mahekalu nilisema nitarudi. Nje ya ukuta kuna hekalu la Jupiter Hammon, Jupiter wa Warumi na Hammon wa watu wa jangwani kwenye jina moja, na lingine la mwaka 225 la Mars Canapphar, Mars mungu wa vita wa Kirumi na Canapphar ambaye hayupo kwenye orodha yoyote ya miungu ya Roma. Ni kama zile sbitualis za ngano. Serikali imekuja na jina lake, mahali napo pana jina lake, na wote wameandikwa kwenye jiwe moja.

Lazima pia niseme kuhusu mwaka 238, maana bila huo huwezi kuelewa kwa nini vigae vya miaka ya 250 vinaonesha kambi ya watu hamsini. Mwaka huo Afrika, yaani jimbo la Kirumi lililoitwa hivyo, ilimuinua Kaisari wake, mzee Gordian na mwanae, pale Karthago, Tunisia ya leo. Legioni ya Tatu ikiongozwa na Capelianus gavana wa Numidia ikaenda kuwapiga, mtoto akafa vitani na baba akajinyonga. Lakini mjukuu, Gordian wa Tatu, akashika madaraka mwaka huo huo, na akaivunja legioni nzima, jina lake likafutwa kwa patasi kwenye mawe mengi, mpaka ilipoundwa tena mwaka 253. Askari wa Gholaia hawakupigana Karthago kwa lolote linaloonekana, walikuwa mbali na kila kitu, ila legioni mama ikifa na wewe ni tawi lake. Kikosi cha pale kikaendelea kwa jina la mahali penyewe, kikosi cha Gholaia, kidogo, na mkuu wake dekurioni badala ya akida. Na ndo hicho kikosi kidogo, baada ya misukosuko yote ya makaisari kuuana kila mwaka miaka ile, kiliendelea kuandika kila asubuhi langoni mmoja, mnarani mmoja. Mi hapa ndo naona nguvu ya kile kituo. Roma ilikuwa inawaka na wao wanahesabu punda. Kama kazi yao ingekuwa kupigana wangeshaondolewa kwenda kupigana mahali pengine, zilikuwepo vita za kutosha. Waliachwa kwa sababu walichofanya kilihitajika hata na Kaisari ambaye hajulikani kama atafika mwezi ujao.

Baada ya mwaka 259 tarehe kwenye vigae zinakoma. Severus alikuwa ameshakufa zamani, mwaka 211, tena alikufa York huko Uingereza, mtoto wa Lepcis amelala kwenye baridi ya mpaka wa kaskazini wakati askari wake wanaungua kwenye ule wa kusini. Jeshi likaondoka Bu Njem, watu wa mji wakabaki kwa muda, mchanga ukaanza kupanda. Kapteni George Francis Lyon alipopita mwaka 1819 alikuta tao la lango la kaskazini bado linaonekana akalichora. Jina la sasa, Bu Njem, kwa Kiarabu ni baba wa nyota ndogo, ile ile najm iliyotupa sisi mnajimu na unajimu.

Vigae vingi vilikutwa kwenye jengo la uongozi, pale pale karani alipokuwa anafanyia kazi. Na hilo nimelifikiria sana. Watu wakihama kwa utaratibu wanabeba mafaili, lakini nani atapakia vyungu vilivyovunjika juu ya ngamia, na mwenye ngamia naye atakubali alipwe nini? Kwa hiyo waliviacha chini sakafuni, namba ya siku na majina ya wagonjwa, na kwenye kimoja bado Wagaramante wanaingia na shayiri yao.